Matembele Ndani ya Ganda

Sungura wa Chausiku alikuwa amepona kuhara, ila alishinda amejikunyata pembeni, hana hamu na lolote. Daktari wa mifugo akaagiza afungiwe matembele ndani ya maganda ya mahindi, ayachokore mwenyewe, apate la kufanya. Chausiku aliyafunga vizuri, lakini kila mara huruma ilimshinda, akamfungulia.

“Leo usimfungulie, mke wangu,” alisema Shekue. “Unamdekeza, naye anazidi kulala.”

Chausiku akaikalia mikono yake. Sungura alijikokota, akanusa ganda, akalikwaruza kidogo, akachoka. Mbavu zikawa zinapanda na kushuka.

“Jikaze, baba,” Chausiku alimnong'oneza.

Sungura akalisukuma ganda kwa pua, polepole, mpaka miguuni pa Chausiku. Kisha akainua kichwa, akamtazama, akangoja.