Inanga ya Kunong'ona

"Mama, bwana yako amelala?" aliuliza Concilie wa kwaya, na benchi zima la nyuma likacheka chinichini.

Anne-Marie aliinamisha kichwa. Ukumbi wa kanisa pale Kilibula ulikuwa umejaa, watu wametoka hata Runingu kuja kusikiliza inanga, ile ala ya nyuzi ya milimani, lakini katika bafle, spika mbili kubwa za mume wake, zilisikika nyuzi tu: ting, ting. Maneno ya mzee aliyeipiga jukwaani hayakufika hata moja. Na inanga ya kunong'ona ndivyo ilivyo: mpigaji haimbi kwa koo, anaimba kwa pumzi, na hadithi yote imo ndani ya hiyo pumzi.

Gédéon, mume wake, hakuwa mgeni wa kazi. Gitaa, ngoma, hata likembe ndogo kama kiganja, vyote alivitafutia mahali pake vikasikika. Leo aliweka mikro moja tu ya kunasa sauti, chini magotini pa mzee, kisha akakimbilia nyuma ya meza yake ya vifungo. Hata salamu hakumpa mzee wa watu.

"Peleka mikro kwenye mdomo," Anne-Marie alimwambia sikioni.

"Itapiga filimbi."

"Punguza bafle ya mbele, haitapiga."

"Weye unajua kazi yangu kuliko minye?"

Mchungaji, aliyekuwa amewaahidi kazi ya sherehe zote za mwaka, aligeuka akawatazama wote wawili. Kisha akaitazama saa yake. Aibu ilimpanda Anne-Marie kutoka kwenye visigino.

Wimbo ulipokwisha, makofi yalikuwa machache kama mvua ya Julai. Hakuvumilia tena. Alibeba stendi ya pili yenye mikro, akapanda jukwaani, akapiga goti mbele ya mzee.

"Papa, mutusamehe. Minye ni bibi ya mwenye vyombo."

Mzee alimtazama polepole, kitenge, mikono, uso, kama mtu anayekagua ng'ombe wake jioni.

"Hakuja kunisalimia, huyo bwana yako."

"Mumuhurumie, papa. Baba yake alikufa yeye akiwa mutoto. Hakupata wa kumufunza heshima."

Vidole vya mzee vilitulia juu ya nyuzi.

"Alikufa."

"Ndiyo, papa. Zamani."

"Basi sogeza hiyo mikro, mwanangu. Sogeza karibu."

Kutoka nyuma ya meza Gédéon alimpungia mkono: acha, acha. Anne-Marie alijifanya hakuona. Alishuka, akageuza kifungo cha bafle ya mbele yeye mwenyewe, akasimama pale pale asije mtu akakigusa.

Pumzi ya mzee ikajaa ukumbi. Ilikuwa hadithi ya ndama aliyepotelea kwenye ukungu, na watu waliinama mbele pamoja, hata Concilie akafunga mdomo. Mchungaji alitikisa kichwa kwa furaha. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Anne-Marie aliinua uso.

Mwishoni mzee alifanya kama wafanyavyo wapigaji wa kwao huko milimani: alijitaja yeye na uzao wake, wasikilizaji wajue wimbo umetoka nyumba gani.

"Minye ni Ntawukuriryayo," zilinong'ona bafle, kila neno safi kama maji ya chemchemi. "Nilizaa Uwacu, nikazaa Mugabo, na wa mwisho nikazaa Gédéon, huyu mwenye vyombo."