Orodha ya Mwezi wa Saba

Tangu sheria iwaachie jukwaa marehemu peke yao, wanaorudishwa kwa mitambo, tamasha la muziki lilibadilika. Mwaka wa kwanza watu walilia walipowaona wapigaji wao wa zamani. Mwaka wa pili walicheza. Wa tatu, hakuna aliyeuliza walio hai wako wapi. Mwaka huu Bi Mwanaisha alisoma orodha ya wapigaji, akakuta jina la mumewe, Mzee Shaame, mpiga udi.

“Mbona yu hai?” alimuuliza karani wa tamasha.

“Tamasha ni mwezi wa saba, mama. Muda bado upo.”

Nyumbani, Mzee Shaame alimpokea mlangoni. “Wameniweka?”

“Hawakukuweka, mume wangu.”

Machozi yakamlengalenga. “Hata nikifa hawanitaki?”

Bi Mwanaisha akaufunga mlango, akatia komeo.