Kitufe cha Mheshimiwa Tolliver

Jengo hili la bunge la jimbo nalijua kuliko gavana, ingawa juzi nilipotea nikitafuta choo.

Ilibaki kura moja tu ili wabunge waifunge hospitali anakosafishwa figo mume wangu. Nikapeleka kahawa, ndiyo kazi yangu, chumba cha mapumziko cha wabunge, nikamkuta Mheshimiwa Tolliver kochini, mdomo wazi. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na mgumu kama kuni, kucha zimegeuka samawati.

Jirani yake wa kiti ukumbini akaingia mbio. "Mwache alale, mama! Kaniambia sasa hivi nimbonyezee kitufe chake cha kura. Kasema ndiyo, ifungwe."

"Kasema sasa hivi?"

"Kwa mdomo wake!"

Spika alikuwa amesimama mlangoni. "Basi mwamshe, arudie na mimi nisikie."

Nikasogea pembeni, nimpishe huyo jirani amwamshe.