Maini ya Ngiri

Sogeeni hapa wajukuu zangu, na wewe unayetafuna muwa, nyamaza kidogo.

Fisi mlafi alikwenda kuwinda ngiri na rafiki yake Mbweha. Ngiri akakimbilia shimoni mwake.

"Ingia umtoe, ndugu yangu," Fisi akasema. "Mimi nitalinda mlango."

Mbweha aliogopa kufa, lakini akajibu taratibu, "Haya. Ila kwetu anayeingia ndiye anayekula maini."

"Maini? Hebu nipishe!" Fisi akajitosa kichwa mbele.

Kumbe Ngiri aliingia kinyumenyume, meno yake yakielekea mlangoni. "Karibu, shemeji," akasema. "Hata hodi hupigi?" Akamchoma bega.

Watoto wa Fisi wakarithi kuchechemea. Wa Ngiri wakarithi kuingia kinyumenyume. Wa Mbweha hawakurithi kitu, maana baba yao alirudi nyumbani mzima.