Jina la Juu

Haroun aliacha jinzi mia nne mezani Xintang, mji wa viwanda vya nguo, bei ikiwa karibu kukubaliwa, akatoka mbio. Laoban, yaani mwenye karakana, alimfuata hadi mlangoni huku akizidi kupunguza. Haroun hakugeuka. Alikuwa ameambiwa kwamba Pandu yuko karakana ya mtaa wa pili, na Pandu ndiye mtu pekee aliyeweza kumuumbua kesho.

Balaa lenyewe lilitoka shuleni. Kila Jumapili watoto wa Waafrika Mashariki walisomea kwenye chumba kimoja juu ya mgahawa, karibu na stesheni ya Guangzhou, China. Mwalimu wao, Leokadia, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka Bukoba, aliona somo la maarifa ya jamii lisiishie kwa machifu wa nyumbani. Watoto wajue pia habari za watu weusi wa mji huu wanamoishi. Kwa hiyo kila mzazi angeitwa mbele na kuulizwa swali moja: ulipofika hapa, nani alikupokea?

Si swali dogo hilo. Huku mtu wetu hashuki treni bila wa kumsubiri. Aliyekupokea ndiye anayekuonyesha chumba, soko na bei, na jina lake unalitaja kama unavyotaja ukoo wako. Leokadia angeyaandika majina kwenye karatasi kubwa, la mpokeaji juu ya la aliyepokelewa, mpaka afike kwa mtu ambaye juu yake hakuna mwingine. Jina hilo ndilo lingefungua daftari la historia la darasa.

Kwa miaka tisa Haroun alikuwa akiwaambia watu kwamba mtu huyo ni yeye. Alishuka stesheni peke yake, hamjui mtu, akafungua njia. Ameyasema hayo sokoni Zhanxi, ameyasema mtaa wa Guangyuan Xilu, na amemwambia bintiye Dalila, mwenye miaka saba, ambaye naye amewatambia wenzake darasa zima.

Ila siku ile Haroun hakushuka peke yake. Alishuka na Pandu.

Alimkuta akikagua zipu.

"Kesho utasema nini?" Haroun aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Waalaikumu salaam," Pandu akasema. "Kuhusu nini?"

"Kuhusu siku ile, stesheni. Ndugu yangu, mtoto ameshajitapa kwa wenzake. Nisitiri."

"Yule mwalimu ni msomi, Haroun. Atachimba mpaka kwenye mzizi."

"Wanafunzi wa chuo wanakuja na kuondoka, hao hatuwahesabu. Mimi nakuhofia wewe."

Pandu alimtazama, kisha akacheka kivyake. "Mimi nitanyamaza. Lakini si mimi wa kuombwa."

Haroun aliona huo ni unyenyekevu tu wa Pandu. Akamkumbatia, akadandia basi la kurudi mjini, akampitia Othman, mzazi mwenzake, dukani Zhanxi, akampitia na Bi Clementina wa viatu, akawakumbusha wote wawili mambo ambayo hawakuwa wameyasahau. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Nyumbani alimkuta mkewe, Najat, akishona robota la nguo huku akibishana na mpagazi kwa Kichina, na mpagazi hana mbavu kwa kicheko. Kichina cha Najat kilisifiwa soko zima. Haroun huwaambia watu kwamba amemfundisha yeye.

"Umeshawapitia wote?" Najat akauliza.

"Wote."

"Haya," akasema, akaendelea kushona.

Jumapili Haroun hakukalika. Alisimama dirishani, akaketi, akasimama tena. Bi Clementina alisema alipokelewa na Othman. Othman akasema alipokelewa na Haroun. Pandu alipoulizwa alijikuna kidevu.

"Muulizeni Haroun. Tulikuja pamoja, na yeye ndiye mwenye kumbukumbu."

Kumbe pale juu tayari walikuwa wawili, yeye na Pandu. Haroun akainuka upesi kabla mwalimu hajauliza zaidi.

"Nilitangulia kushuka mimi, mwalimu. Sikupokelewa na mtu."

Leokadia akaliandika jina la Haroun juu kabisa. Dalila akapiga makofi mpaka penseli ikamponyoka. Haroun akashusha pumzi, furaha imemjaa kifuani, akatamani hata laoban wa Xintang angekuwepo aone.

"Tumemaliza?" Leokadia akauliza.

"Bado mama," Dalila akasema.

Watu wakacheka. Nani asiyejua kwamba Najat ni bibi harusi aliyeletwa na Haroun kutoka Unguja? Haroun naye akacheka. "Andika tu, mwalimu. Huyo nilimpokea mimi."

Najat alikwishafika mbele. Akatengeneza mtandio wake, akamwinamia bintiye aliyekuwa tayari na daftari.

"Andika, mwanangu. Mama alikuja kusoma chuo hapa, mwaka wa themanini na saba, na hakumkuta mtu. Miaka mitatu baadaye, siku moja napita stesheni, nikawakuta wanaume wawili wamekaa juu ya masanduku yao, hawajui pa kwenda, na mmoja analia."

Penseli ya Dalila ikasimama. "Analia nani, mama?"

"Aliyekuwa halii," Najat akasema, "ni baba yako mdogo Pandu."