Grafu ya Presha

"Duara halifai," Esther alijisemea. Akaikunjakunja karatasi na kuitupa chini ya meza.

Sebuleni, wanawe walikuwa wakimsubiri. Fabian na Clementina walikuwa wamekuja Bangwe kumchukua mama yao akaishi nao Dodoma. Mjane mwenye presha, walisema, hawezi kukaa peke yake. Tiketi ya treni ilikuwa tayari.

Esther alikuwa amefundisha takwimu hadi kustaafu. Kubishana na hawa kwa maneno kungekuwa kutwanga maji kwenye kinu. Vipimo vya zahanati alikuwa navyo. Ilibaki namna ya kuvionyesha. Jedwali? Fabian angesinzia. Duara huonyesha mgawanyo, na presha si keki. Grafu ya mihimili hulinganisha vizuri, lakini yeye alitaka waone safari: ilikopanda, ilikogeuka, ilikoshuka.

Akachora grafu ya mstari, akaibandika ukutani sebuleni.

Clementina, ambaye ni mfamasia, alisogea karibu. Mstari ulipanda tangu Januari, ukafika kileleni Aprili, kisha ukateremka mwezi baada ya mwezi.

"Mama! Hii ni yako kweli?"

"Kamuulize nesi."

"Aprili ulianza nini?" Fabian aliuliza.

"Kutembea jioni hadi Katonga. Na chumvi nimepunguza."

"Chumvi tu haiwezi kushusha hivi," Clementina alisema. "Kuna dawa nyingine unatumia."

Esther akatazama sakafu. "Ipo. Za hospitali nameza vilevile, lakini ipo."

"Mitishamba!" Fabian alishika kichwa. "Umeitoa wapi?"

"Kanisani."

"Maji ya upako?"

"Acha utani, Fabian. Mimi ni mtu wa takwimu."

Clementina aliufuata tena ule mstari kwa kidole, taratibu, mpaka chini. Alipogeuka, macho yake yalikuwa na machozi.

"Mama, kama umepona hivi, Dodoma ya nini? Baki. Endelea nayo hiyohiyo, ila usiikose hata siku moja."

"Nashukuru, mwanangu. Na wewe, Fabian?"

Fabian aliitoa ile tiketi mfukoni, akaitazama, akacheka. "Nimeshindwa. Itumie, mama. Asubuhi na jioni."

Esther alijitengeneza kilemba, akaenda kufungua mlango wa uani.

"Mzee Telesphory," aliita, "ingia, mwenzangu. Wamekubali. Asubuhi na jioni."