Nundu ya Lochakapong

Soksi ya Lochakapong ilipoteremka, nusu fainali ilisimama yenyewe. Chini ya goti la mshambuliaji huyo wa Kanamkemer palikuwa na nundu ngumu, kubwa kama limau.

Biar, kocha wa timu ya Kakuma waliyokuwa wakutane nayo fainali, ndiye aliyeingiwa na huruma kwanza. Aliiambia kamati kwamba mtoto anaumwa. Haya ni mashindano ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba, akasema, si mahali pa kuhatarisha mtoto wa watu. Asiguse mpira mpaka daktari aandike barua.

Erupe, kocha wa Kanamkemer, aliogopa. Alishasikia habari za saratani ya mifupa, na bila Lochakapong hakuwa na timu, alikuwa na watu kumi waliovaa jezi. Erupe alimpenda pia kijana mwenyewe, tusimwonee.

Asubuhi wakapanda gari la Lodwar: kocha, mgonjwa, na dada wa mgonjwa aliyebeba mtoto. Mtoto alilia njia nzima, akanyamaza Lochakapong alipompakata.

Daktari Caritas aliibonyeza nundu, akatazama picha ya eksirei kwa muda mrefu. Akaeleza kwamba huo ni mfupa uliochipuka pembeni, wenye kofia ya gegedu laini juu yake. Kwa kawaida hauna madhara. Cha kuogopa ni ukiwa bado unakua.

"Imeongezeka siku hizi?" akauliza.

Lochakapong alifungua mdomo, Erupe akamuwahi.

"Hata kidogo, daktari. Hiyo kitu iko vile vile miaka sita. Haki ya Mungu."

Daktari akatabasamu, akaandika. Aliposema hakuna saratani, Erupe alilia mbele za watu bila haya. Barua ilikuwa ya kamati, imefungwa kwenye bahasha. Akaibeba kifuani hadi Kakuma.

Siku ya fainali alimkabidhi Biar mwenyewe, mbele ya kamati na timu zote mbili, aisome kwa sauti ili watu waache maneno.

Biar alisoma taratibu, akitafsiri Kiingereza cha daktari.

"Si saratani. Nundu hii hukua mtoto anapokua, na hukoma mifupa yake ikishakomaa. Ya huyu ilikoma miaka sita iliyopita. Acheni bwana huyu acheze na watu wazima wenzake bila wasiwasi."